Naenda Tanga Desemba, nataka kumwandalia mama chai ya saa kumi ya Kiingereza. Nibebe nini, nioke nini kule kule, na hili gauni la zilipendwa nilivae?

BintiChumbageni

Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri maana mwenzenu nalala nawaza hili jambo. Nipo Leeds mwaka wa tisa sasa na Desemba naenda nyumbani Tanga, mara ya mwisho kukanyaga pale ni 2018 kwa hiyo safari hii naihesabu siku kwa siku. Miaka yote mama ananisikia kwenye simu, leo nimeoka hiki, wiki hii nimejaribu kile, maana kila Jumapili saa kumi lazima nikae na buli langu na vikombe vya kauri vyenye maua ya waridi, nilivikusanya kimoja kimoja kwenye maduka ya chariti, yale yanayouza vitu vilivyotumika kwa ajili ya misaada, mpaka vikafika sita na visahani vyake, na kila mara mama ananiuliza "sasa hivyo vitu mimi nitakula lini?" Basi nimemuahidi. Nataka siku moja nitandike meza uani chini ya mwembe, niwaite mama na mama zangu wadogo wawili na bibi jirani yetu, nitoe skoni, keki ya Victoria ile ya duara mbili na jamu katikati, sandwichi za tango, kila kitu.

Tatizo la kwanza, mama hana oveni. Ana jiko la mkaa na gesi ya plate mbili basi. Sijui nibebe vitu kutoka huku au nioke pale, na ile klotedi krimu, krimu nzito ya kupaka kwenye skoni, ndo inaniumiza kichwa kabisa maana skoni bila hiyo naona kama sijafanya kitu.

La pili ni gauni. Mama ana picha ya studio ya mwaka 1972, nyeusi na nyeupe, kasimama mbele ya pazia lililochorwa mnazi na bahari, kavaa gauni la kubana kiunoni halafu chini limemwagika, mkononi mkoba mdogo mgumu, shingo juu utadhani mtoto wa mfalme. Hiyo picha ndo iliyonifanya nipende nguo za zamani. Sasa mwaka juzi naingia duka la chariti hapa Leeds nakuta gauni linafanana na lile, pamba nzito, rangi ya maziwa na vimaua vya buluu, zipu ya chuma ubavuni, lebo imeandikwa St Michael. Nilisimama nalo mkononi mpaka dada wa duka akaniuliza kama niko sawa. Nataka nilivae siku hiyo ya chai. Lakini dada yangu ananiambia watu watasema nimeenda Ulaya nimerudi najifanya Mzungu, na vikombe vyangu na gauni langu. Nyie mnaonaje? Na anayejua hizo lebo aniambie gauni ni la miaka gani.

UmmuZ_Mvita

Mwanangu kwanza hongera kwa nia, mamako atafurahi mno. Mie niko Plymouth mwaka wa kumi na nne, huku Devon ndiko kwenyewe kwa hiyo krimu, kwa hivyo nisikize: usiibebe. Hiyo yataka baridi mwanzo mpaka mwisho, ukiitoa friji ukaipitisha ndege mbili na joto la Desemba la pwani itafika imeharibika na nguo zako zote zinuke. Mie nlibeba chupa ya lemon kadi, ile ya limau ya kupaka mkate, kwenye mkoba wa mkononi nikanyang'anywa pale pa ukaguzi, nlisahau kuwa jamu na vitu vya aina hiyo huhesabiwa kama maji. Hata jamu weka begi kubwa, uizungushie leso mbili.

Lakini mbona kwenu krimu iko? Hii klotedi hutengenezwa vipi, maziwa yenye mafuta yake hutiwa moto mdogo mdogo muda mrefu bila kuyatokosa, kisha huachwa yapoe taratibu, mafuta yakapanda juu yakashikana. Si ni malai hayo! Bibi yangu Mombasa akiyafanya kila siku, sufuria pana, makaa yaliyokwisha nguvu chini, usiku kucha, asubuhi achukua mwiko wa bapa ayafunua juu kama unavyofunua kitambaa. Wewe tafuta maziwa ya ng'ombe ya yule muuza maziwa wa baiskeli, usitumie ya paketi yale yamechanganywa mafuta hayapandi vizuri. Lita tatu zatosha. Ukiyatoa yaweke friji kwa jirani mwenye friji, saa kumi uyatie kibakulini. Mamako akila atakwambia mbona haya nayajua, na ndio raha yenyewe.

Halafu huku kuna ubishi, Devon wapaka krimu kwanza jamu juu, Cornwall jirani zao jamu kwanza krimu juu, na watu wazima wagombana kweli. Mie nafuata Devon maana ndiko nlikozalia wanangu.

Kuhusu kujifanya Mzungu, hata. Saa kumi ni saa yetu sisi, watu washaswali alasiri, chai ya maziwa na iliki, mahamri au kaimati au vibibi, nani pwani hajui chai ya jioni? Waingereza wenyewe wasema mtindo wao ulishika miaka ya 1840 kwa bibi mmoja Anna wa Bedford, chakula cha usiku kilikuwa chachelewa njaa yamuuma, akaanza kuagiza chai na mkate chumbani. Njaa ya saa kumi haina mwenyewe.

jiko_la_mkaa_DSM

Dada oveni sio tatizo hata kidogo. Mi naoka kwa mkaa nyumbani Temeke na nauza, kwa hiyo naongea kitu ninachokifanya kila siku. Unachukua sufuria kubwa zito, unamwaga changarawe safi chini kama vidole viwili, unafunika unaipasha tupu kwenye mkaa robo saa nzima, watu wengi hapa ndo wanakosea wanaweka unga kwenye sufuria baridi skoni inalala. Ikishika moto unaweka sinia dogo lenye skoni juu ya changarawe, unafunika na mfuniko wa bapa halafu unapalia makaa juu ya mfuniko, juu yawe mengi kuliko chini, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Dakika kumi na tano mpaka ishirini. Usifunue funue.

Jambo moja muhimu, ukimwambia mama leo nakupikia skoni yeye atafikiria skonzi za dukani, vile vimikate vya hamira vya kuchovya kwenye chai, kwa hiyo mwambie mapema hii ni kitu kingine, haina hamira, inaumuka kwa beking pauda na haikandwi. Unga wa huko ule wenye beking pauda ndani kabisa huku si kila duka utaupata, tumia unga wa ngano wa kawaida gramu 225 na vijiko vitatu vya chai vya beking pauda na chumvi kidogo, siagi gramu 55, sukari gramu 25, maziwa mililita 150 na ukiweza nusu yake yawe mtindi, mtindi unaisukuma juu vizuri sana.

Sasa siagi. Tanga Desemba saa nane mchana siagi inakuwa mafuta mezani na skoni inataka siagi baridi. Mi naiweka friza usiku, asubuhi naikwangua kwa kwangulio la karoti moja kwa moja ndani ya unga, nachanganya kwa ncha za vidole haraka mpaka iwe kama chenga za mkate, halafu maziwa, koroga kwa kisu, usikande!! Kata na glasi iliyopakwa unga, ukibonyeza bonyeza moja kwa moja chini usizungushe, ukizungusha ubavu unajifunga inapanda upande mmoja. Oka asubuhi mapema kabla ya jua.

Keki ya Victoria inawezekana pia kwa njia hiyo hiyo ila moto mdogo zaidi na utaoka duara moja moja. Kwa jamu usibebe kitu kutoka huko. Desemba plamu za Lushoto zinakuwa zimejaa pale Mombo barabarani, nunua ndoo upike jamu mwenyewe, au kama kuna mtu anapanda Lushoto amwambie apite shamba la Irente wanauza jamu nzuri sana na jibini.

kaka_mkubwa_07

Mi nasema ukweli wangu, unajisumbua. Mama miaka yote hiyo hajakuona anataka kukaa na wewe aongee, sio akuone unahangaika na mkaa na masinia. Nunua keki dukani, pika chai, kaa.

BintiChumbageni

Kaka nakuelewa na nimelifikiria hilo. Ila mama yangu kuongea kwake ni jikoni, akikaa kwenye kochi anaishiwa maneno dakika tano. Akiwa anachambua mchele ndo utayasikia yote ya mtaa na ya ukoo. Nikimpa kazi ya kupalia makaa tutaongea mchana kutwa.

UmmuZ na jiko la mkaa Mungu awabariki, nimeandika yote kwenye daftari.

Mzee_wa_Pekosi

Mwanangu habari. Mimi ni fundi cherehani mstaafu, nipo Dar, na nguo za zilipendwa ndo maisha yangu, mpaka leo wanangu wananiletea mitumba ya soko la Karume nizikague.

St Michael ilikuwa lebo ya maduka ya Marks & Spencer, waliisajili 1928 kwa jina la Michael Marks na wakaiacha mwaka 2000, kwa hiyo ukiiona tu ujue nguo si ya juzi. Na wewe uko Leeds, basi ujue huyo Marks alianzia hapo hapo kwenye soko la Kirkgate mwaka 1884, kibanda chake kila kitu peni moja. Gauni lako limerudi kwao kabla halijaja kwetu.

Sasa miaka. Geuza ndani utazame lebo nyingine kama kuna zile alama za kufua, beseni na pasi na duara. Zikiwepo mara nyingi ni miaka ya sabini kuendelea. Kama hazipo, na zipu ni ya chuma tena ipo ubavuni sio mgongoni, mimi naliweka hamsini na kitu mpaka mwanzo wa sitini, kabla zipu za nailoni hazijaenea. Angalia na pindo la chini, nguo za wakati ule waliacha pindo pana vidole vinne vitano ili mtoto akirefuka au mtindo ukibadilika lishushwe. Na usishangae namba, 14 ya zamani ni ndogo kuliko 14 ya leo, kwa hiyo kama linakubana usilikate, fungua mishono ya ubavuni utakuta kitambaa cha akiba. Zipu ya chuma ipake sabuni ya kipande kavu, au mshumaa, usiivute kwa nguvu kitambaa cha pembeni kimeshachoka. Na kwenye begi usilikunje katikati, liviringishe na kanga ndani.

Hilo la Uzungu lisikuumize. Mimi nilikuwa kijana Dar wakati wa Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969 vijana wa TANU walikuwa wanapiga marufuku sketi fupi na mawigi na suruali za kubana, dada zetu walisumbuliwa barabarani nikiona kwa macho yangu na jambo lile liliniuma. Magauni kama la mama yako, ya kufunika magoti na kubana kiuno, ndiyo waliyoyashika dada wengi, tulishona usiku na mchana kwa kuangalia picha za katalogi. Kitambaa tulinunua kwa Wahindi na baadaye cha Urafiki pale Ubungo, kiwanda kilifunguliwa 1968. Mama yako hakuwa anaiga mtu. Alikwenda kwa fundi wa Tanga akasema nataka hivi na hivi, akapimwa, akalipa. Hilo ni vazi lake. Wewe ukilivaa unamvaa yeye.

Muulize jina la fundi wake. Wengi wetu hatukuandikwa popote.

Mdada_wa_Huddersfield

Jamani nimechelewa ila nina kitu kimoja. Shoga si uko Yorkshire? BEBA PARKINI. Ile keki ya oti (oats) na tangawizi na triko nyeusi (treacle, sharubati nzito ya sukari) wanayokula huku tarehe 5 Novemba, usiku wanaowasha mioto mikubwa nje. Hiyo ukiioka siku hiyo hiyo ni kavu haina maana, inatakiwa ifungwe kwenye kopo siku kadhaa mpaka wiki ndo inalainika na kunata, yaani safari ndo inaiivisha! Mi niliibeba Mwanza, ilikaa begini siku mbili ikafika tamu kuliko ilivyotoka. Oka kama siku tatu kabla ya kupanda ndege, karatasi ya kuokea halafu kopo. Na wazee wa kwetu tangawizi wanaielewa, keki za krimu wengine wanaziona tamu mno wanaonja kidogo wanasukuma sahani.

Na chai usinunue huku, tafadhali. Milima ya kwenu Usambara ndo chai ilipoanza Tanganyika, Wajerumani waliijaribu Amani mwanzoni mwa miaka ya 1900.

BintiChumbageni

Nimesoma maneno ya Mzee wa Pekosi nikalia kwenye basi. Nimegeuza gauni ndani, alama za kufua hakuna, pindo vidole vinne na nusu. Asante sana baba.

Basi nimeamua. Nabeba parkini kwenye kopo, na vikombe vinne tu nimevifunga na soksi. Skoni na malai tutafanya kule, jamu ya plamu mama mdogo kashasema atasimama Mombo anunue plamu, chai ni ya Amani na nitatengeneza buli mbili, moja ya kwao ya rangi na maziwa pembeni, moja yetu ya kupika na iliki kwa anayetaka.

Jana nimempigia mama nikamuuliza fundi wa lile gauni. Alinyamaza kidogo, akasema alikuwa mzee mmoja wa Ngamiani, cherehani yake ilikuwa kwenye baraza, na rangi ya gauni ilikuwa ya maziwa. Miaka yote naangalia ile picha nyeusi na nyeupe sikuwahi kujua rangi yake. Halafu akaniambia mkoba bado upo kwenye sanduku chini ya kanga, ila klipu yake ya kufungia imevunjika. Kuna mtu anamjua fundi wa mikoba Tanga mjini anayeweza klipu za zamani za shaba? Nafika tarehe 14.