Farasi f6 dhidi ya e4: anayeanza chesi ashike njia ipi?

Mlezi_Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Vijana ninaowafundisha hapa Ujiji wametokea kwenye drafti. Wakisukuma askari hadi e4 na mpinzani akajibu farasi f6 (Ulinzi wa Alekhine, jina la bingwa wa zamani wa dunia), wanamkimbiza farasi yule kwa kila askari waliye naye, kisha kati kunabomoka. Nimebaki na njia tatu: askari wanne mbele, kubadilishana askari pale d6, au kutoa farasi c3 mapema. Ipi inamfaa mwenye miezi miwili tu ya kujifunza? Wanacheza dakika 15 kila mmoja.

Isevya_TBR
Mkuu, askari wanne achana nao kwanza. Fuata hapa (namba ni ya hatua, weupe kwanza kisha weusi; nyumba bila jina la kete ni askari; nukta tatu ni hatua ya weusi): 2. e5, farasi d5, 3. d4, d6, 4. c4, farasi b6, 5. f4, anakula e5, 6. unakula kwa askari wa f, anatoa farasi c6. Sasa d4 inashambuliwa na farasi pamoja na malkia, na mlinzi wako ni malkia peke yake. Wengi hukimbilia farasi f3, askofu wa weusi anatua g4 na kumfunga (akisogea, malkia aliye nyuma yake analiwa). Hatua salama ni 7. askofu e3. Bado hujapona: 7... askofu f5, 8. farasi c3, e6, 9. farasi f3, farasi b4. Tazama c2. Farasi akiingia hapo kwa sheki (kumtishia mfalme) na malkia wako akamla, askofu wa f5 anaondoka na malkia. Usipomla, anakula ngome ya a1. Dawa ni 10. ngome c1. Sasa mtoto wa miezi miwili ataikumbuka hatua ya kumi?

Mwanga_Chesi
Kweli kabisa, na ndilo lengo lenyewe la ulinzi huu tangu Alekhine autumie Budapest mwaka 1921: kuwavuta askari mbele ili wageuke mzigo. Askari harudi nyuma. Fischer alimshinda Spassky nao, mchezo wa 13 wa kugombea ubingwa wa dunia mwaka 1972, kwa hiyo msiwafundishe vijana kuudharau.

Mimi nasema 2. farasi c3. Akijibu d5, kula. Akila kwa farasi, 4. askofu c4. Hapa ndipo mchezaji wa drafti anapokosea, maana kwake kula ni lazima. Weusi wakila farasi wako c3, USILE papo hapo. Peleka malkia f3! Unatishia mati (mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umeisha) pale f7. Atalinda, tuseme kwa e6, ndipo malkia anakula c3. Kete zimelingana, malkia ametoka, na askari wako wa b na d hawajaguswa. Farasi wake akirudi b6 badala ya kula, vuta askofu b3.

Mlezi_Ujiji
Na akijibu 2... e5?

Mwanga_Chesi
Farasi f3. Mtaingia kwenye mchezo wa kawaida wanaoujua.

Isevya_TBR
Hiyo ni rahisi, lakini weusi wanapumua mapema mno. Kwa mwenye miezi sita napendelea kubadilishana: baada ya 4. c4, farasi b6, 5. askari wako wa e anakula d6. Akirudisha kwa askari wa e: farasi c3, askofu d3, farasi wa pili e2 wala si f3, ili askofu wa g4 asipate wa kumfunga. Akirudisha kwa askari wa c: farasi c3, askofu e3, ngome c1, kisha b3. Ngome inatoka kwenye mshazari mrefu wa askofu ambaye weusi humweka g7, b3 inashikilia c4. Akirudisha kwa malkia, c5 inawapiga malkia na farasi kwa pamoja. Ataponea sheki ya e6, unaziba kwa askofu e2, na malkia wake amekaa mbele ya askari wake wa e7, askofu wa f8 hana pa kutokea.

Kipalapala77
Kati ya hizo mbili ipo 4. farasi f3, badala ya 4. c4. Askofu akija g4, jibu askofu e2 tu. Ila akila e5, ukala kwa farasi, naye akatoa farasi d7, vijana wataona farasi anaweza kula f7. Mfalme akimla, malkia h5 kwa sheki, anakimbilia e6, na kuanzia hapo ni hesabu ndefu. Tal mwenyewe, bingwa wa zamani wa dunia, huko Bled 1965 dhidi ya Larsen, aliifikiria muda mrefu akaiacha, akacheza askofu c4. Nao wacheze hivyo.

Mlezi_Ujiji
Basi kesho naanza na farasi c3. Kila mmoja aicheze ile ya malkia f3 mara kumi ubaoni, tano akiwa na weupe, tano na weusi, kabla sijawasha saa.