Mnamtambuaje Kristo siku za kawaida, sio Jumapili tu?

Mkulima wa Neno
Bwana asifiwe wapendwa. Swali hili linanisumbua muda sasa nikaona nilete hapa. Kila tukikaa kwenye ushirika nasikia shuhuda, huyu Bwana kamsemesha akiwa anaosha vyombo, yule alimhisi Yesu kakaa naye wodini akiuguza mgonjwa, mimi naitikia amina halafu nikirudi nyumbani najiuliza mbona kwangu kimya? Naomba asubuhi, Neno nasoma, ila kuanzia naingia kazini mpaka jioni ni simu, watoto, bili, uchovu, na kama Yesu alipita basi alipita mi sina habari. Jumapili kwenye sifa machozi yananitoka, Jumatatu saa nne hakuna kitu. Tafadhali msiniambie "ongeza maombi", hilo nimeshaambiwa sana. Nyie mnamtambuaje? Na mnajuaje kwamba sio mawazo yenu tu?

mama wawili
Pole mpendwa, ila hebu irudie Luka 24 taratibu. Wale wawili waliokutana na Yesu mfufuka njiani kwenda kijiji cha Emau hawakuwa watu baki, walikuwa wafuasi, mmoja jina lake Kleopa, Yesu wanamjua kabisa. Safari yao ni stadi 60, kama kilomita 11 hivi, wako naye njiani anawafafanulia Maandiko kuanzia Musa na manabii wote, na bado wanamwona mgeni tu tena wanamshangaa eti hajui yaliyotokea Yerusalemu 😅. Wamekuja kumjua mezani alipoumega mkate, na hapohapo akatoweka. Sasa angalia wanachosema baada ya hapo, "Je! mioyo yetu haikuwaka ndani yetu?" Yaani hata huo moto wenyewe wameuelewa nyuma, wakati unawaka walikuwa na huzuni zao wanatembea tu. Mariamu Magdalene naye pale kaburini alidhani anaongea na mtunza bustani. Kwa hiyo hizo shuhuda unazosikia mi naamini nyingi ziko hivyohivyo, mtu alielewa baadaye sana, ila akisimama kushuhudia ile sehemu ya kutojua anairuka.

Padri hayupo
Tumsifu Yesu Kristo. Mama wawili kaongea vizuri, naongezea upande wa sisi wakatoliki. Kama mtu huelewa akitazama nyuma basi ni lazima apange muda wa kutazama nyuma, vinginevyo siku inapita na yote yaliyokuwemo. Mt. Ignas wa Loyola aliwaachia Wajesuiti, watawa wa shirika lake, zoezi la kuipitia siku, sisi tunafanya jioni kabla ya kulala. Unaanza kwa kumshukuru Mungu na kumwomba mwanga, halafu unairudisha siku tangu ulipoamka, nani alikuja kwako, wapi ulipata amani bila sababu, wapi ulinuna, wapi ulimpita mtu makusudi. Unaomba msamaha panapohitajika, unamkabidhi kesho. Usitafute maono. Mara nyingi utakutana na kitu kidogo tu, mfano ulikuwa na jibu kali mdomoni na hukulitoa na hujui kwa nini.
Na Ekaristi usiisahau, pale tunajua yupo hata ukiwa huhisi chochote.

Mlokole mkorofi
@Padri hayupo hapo kwenye Ekaristi tutabishana siku nyingine 😂 hilo zoezi la jioni nimelipenda.
Ila wakuu mnaongea kama vile kumtambua ndio mtihani wenyewe. Someni Mathayo 25 kuanzia 31. Kondoo wanauliza "lini tulikuona una njaa", mbuzi nao wanauliza vilevile lini tulikuona. Hakuna aliyemtambua! Pande zote mbili hawakujua. Tofauti ni kwamba kondoo walimlisha mwenye njaa, wakaenda kumwona mfungwa, na mbuzi hawakufanya. Sauli naye njiani kwenda Dameski anadhani anashughulika na watu wa Njia ile, yaani wafuasi wa Yesu, anasikia "mbona waniudhi?", maana ukiwagusa wale umemgusa Yeye. Sasa ndugu Mkulima unasema kuanzia kazini mpaka jioni hayupo, hao watoto na hao wanaokupigia simu ni akina nani? Huenda unakutana naye kutwa nzima ila unamsubiri aje na kinanda.

Mkulima wa Neno
Mlokole hiyo ya kinanda imenichoma aisee 😂 Asanteni sana wote. Ila swali la pili halijajibiwa, nitajuaje sio kichwa changu? Maana mtu anaweza kujiaminisha chochote.

mama wawili
Kweli kabisa, ndio maana 1 Yohana 4 inasema tuzijaribu roho. Mi kipimo changu cha kwanza ni Neno, kikipingana na Injili nakitupa hata kama kilikuja na machozi. Cha pili naangalia kinaniacha vipi, Wagalatia 5, upendo, furaha, amani, uvumilivu, hayo hayaji kwa siku moja. Na kuna jambo moja mi huwa linanishtua, Yesu anayekubaliana na mimi kwa kila kitu, anawachukia walewale ninaowachukia mimi, huyo ni mimi mwenyewe. Kristo wa kweli ananiambia nenda kapatane na fulani na mi sitaki.
Kuhusu kutohisi usiogope. Mama Teresa wa Kolkata aliishi miaka na miaka kwenye ukavu wa namna hiyo, barua zake zilipotoka 2007 watu walishangaa, na bado aliendelea kuhudumia maskini. Ila kama kimya chako ni cha kila kitu, usingizi hakuna, chakula hakina ladha, watoto hawakufurahishi tena, hapo nenda ukamwone daktari pia, hiyo sio dhambi wala imani haba.

Mkulima wa Neno
Hapana mama, nalala vizuri hata sana. Hilo zoezi la jioni nalianza leo. Padri linachukua muda gani, maana mi nikigusa kitanda nimeondoka?

Padri hayupo
Dakika 10 zinatosha, lifanye umekaa kwenye kiti kabla hujapanda kitandani. Na siku ukipitiwa katikati usijilaumu, Zaburi 127 inasema humpa mpenzi wake usingizi.