Naomba ushauri: nibaki darasani au nikasomee utafiti wa elimu ya sayansi?

Shikamooni wakubwa zangu, wenzangu habari za jioni. Ni mwalimu wa Fizikia na Kemia sekondari huku Newala, mwaka wa 6 kazini.

Kuna jambo linaninyima usingizi. Nilifundisha densiti (tungamo la kitu ukilinganisha na ujazo wake) kidato cha kwanza, kwa Kiingereza kama inavyotakiwa. Kimya. Nikaleta ndoo ya maji na korosho ghafi: zilizokomaa vizuri zikazama, nyepesi zikaelea. Binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha kidole akaeleza sababu yote kwa Kiswahili, hatua kwa hatua. Kwenye jaribio la maandishi, la Kiingereza, akapata sifuri. Iliniuma sana, maana anaelewa!

Nataka kulichunguza hili kitaalamu, nisome shahada ya uzamili ya elimu, Dar es Salaam au Dodoma. Ila Fizikia hapa niko peke yangu, na mama ananitegemea.

Mliopitia njia hii, ruhusa ya masomo mliombaje? Naweza kukusanya data darasani kwangu huku nafundisha? Na ukishamaliza, unarudi kwa wanafunzi au ndiyo unahamia chuoni moja kwa moja? Mimi ningependa kurudi.