Naomba ushauri: uzio wa mizinga ya nyuki kuzuia tembo

Habari zenu wakuu. Nina ekari mbili za mahindi jirani na Hifadhi ya Mikumi, na tembo wananimaliza. Nilisoma utafiti wa Lucy King na wenzake uliofanyika Kenya na kuchapishwa 2007: tembo wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa hukimbia. Nikatundika mizinga tisa upande wa hifadhi, kila baada ya mita 10, nikaiunganisha kwa waya ili mmoja ukiguswa yote itikisike.

Mwezi wa tano huu, nyuki wameingia mitatu tu. Nimepaka nta, nimezuia sisimizi, wapi! Tembo wanapita penye mizinga mitupu (wananizidi akili).

Je, nihamishie makundi ya nyuki au nisubiri msimu wa maua? Na waya ulegee kiasi gani upepo usiisumbue mizinga?