Kuhamia masini mupya (kompyuta): tupeane uzoefu, kwako nini ilibakia mu masini ya zamani?

Dada wa Kyeshero (Goma)

Jambo bandugu. Tangu Windows 10 iache kusaidiwa, tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, naona ku biro na mu kartie kila mutu anatafuta masini yenye itabeba Windows 11. Na mimi njo nilifika apo. Ya zamani prosesa yake ya Intel ilikuwa ya kizazi cha sita, Windows 11 inaomba kuanzia cha nane, pamoja na ile chipu ya usalama yenye banaita TPM 2.0, basi nikakusanya franka polepole nikanunua ingine, ya okazioni lakini safi.

Mafaili nilikopi yote, dokima, picha, hata bya Downloads, nikasema nimemaliza. Siku ya pili nafungua ripoti ya mwezi, ukurasa muzima mistari myekundu. Mimi naandika ripoti kwa Kifaransa lakini majina ndani ni ya huku, Kyeshero, Bulengo, Kanyaruchinya, Rusayo, na majina ya bamama benye tunafanya nao kazi, na kila jina nilikuwa nimeifundisha Word moja moja miaka saba, kubonyeza kuume, ongeza mu diksioneri. Kulikuwa pia vifupi vyangu, naandika zs tu inajijaza yenyewe «zone de santé», ni kusema eneo la afya. Byote hakuna. Masini iko muzuri, inafunguka haraka, lakini hainijue, na mimi nilizoea yenye inanijua.

Naomba kila mutu aseme yake, nini ilibakia nyuma na uliipata namna gani. Ya zamani bado niko nayo, sijafuta kitu.

Fundi wa Birere (Goma)

Dada, hapo kwa kusema haujafuta kitu umenifurahisha sana, juu mimi kazi yangu ni masini na vilio byote naonaka vinaanzia pale pale, mutu anahama asubuhi, mangaribi ameisha formate ya zamani ama ameiuzisha. Niko naambia kila kliyenti: ya zamani ikae mwezi muzima mu kabati, utaikumbuka kwa siku yenye hautazamii.

Kuko papa mumoja alinileteaka diski ya nje, akasema «programu nimekopi mi mwenyewe, wewe weka tu». Nafungua, ni folda ya Program Files yote. Nikamueleza pole pole, papa, programu haikae mahali pamoja, siku unaiinstale inatawanya vipande, vingine mu rejista ya Windows, vingine mu ProgramData, vingine mu AppData yenye imefichwa hata hauione, sasa ukibeba ile folda moja ni sawa umehama nyumba ukabeba milango. Inabidi kuinstale upya, na namba ya lisensi ukuwe nayo ku mukono. Zamani mu Windows 7 kulikuwa kifaa chao cha kuhamisha, Windows Easy Transfer, na hata kile kilikuwa kinabeba mafaili na mipangilio, programu hapana, kisha ku Windows 10 bakakitosha kabisa.

Lakini yenye sitasahau ni ya dada mumoja, masini yake kartimeri, ile bamba kubwa ya ndani, ilikufa. Mi nikasema hakuna shida, nikatosha diski, nikaiweka mu buati ya USB, nikachomeka ku masini yangu. Inaniuliza funguo ya BitLocker, ile kifungio ya Windows yenye inafunga diski, tarakimu 48. Dada anasema mimi sijawahi kufunga kitu. Na alisema kweli, ile masini ilijifunga yenyewe siku aliifungua mara ya kwanza na adresi yake ya Microsoft, iko hivyo kwa masini mingi ya sasa. Ile funguo haiko mu masini, iko ku konti yake, account.microsoft.com/devices/recoverykey, sasa konti ilikuwa inatuma kode ku namba ya simu yenye alipoteza. Wiki mbili za kurudisha ile namba. Siku ile alikaa mbele yangu ku kile kiti cha bakliyenti, simu mu mukono, ananisomea makundi nane ya tarakimu sita sita, mi naandika, ananirudilia kila kundi mara mbili. Ya nane ikaingia, diski ikafunguka, nikamuonyesha folda ya picha za mama yake marehemu. Hakuongea kitu. Alikaa tu pale anaangalia mupaka nikafunga atelie.

Tangu ile siku, mbele sijashika hata tournevis, nauliza: adresi yako ya Microsoft ni gani, na ile simu ya kupokea kode bado uko nayo?

Mwana Lushi (Lubumbashi)

Aksanti yaya fundi, hiyo ya simu nitaifanya leo leo.

Yangu ni klavie. Huku Lubumbashi masini mingi zinapitia Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, ni za QWERTY, mupangilio wa herufi wa Kiingereza, na sisi mikono imezoea AZERTY, ya Kifaransa. Ile ya kwangu mutu aliyeinstale aliacha mupangilio wa Kifaransa ndani, ju ya herufi za Kiingereza nje. Mimi nikatia neno la siri nikiangalia herufi ku klavie, mwishoni 1978. Kumbe masini inaandika yake: a yangu ni q, m ni koma, na 1978 ni & ç è _. Na kwa sababu inaonyesha vidoti tu, sijaona kitu, na kila siku iliingia vizuri sababu vidole vilibonyeza pale pale. Kisha ndugu yangu mumoja akanisaidia kuweka klavie ya Kiingereza, eti ifanane na herufi za nje. Asubuhi masini inanikatala. Neno ni lile, vidole ni vile, inakatala. Nilikuwa na plan za kupeleka Kolwezi saa nne.

Mwenye uko mu shida kama ile, angalia chini kuume ku ukurasa wa kuingia, kuko vifupi FRA ama ENG, badilisha pale uandike tena. Dakika mbili. Mimi ilinikamata mupaka saa sita.

Studio ya Himbi (Goma)

Kwetu ni video za ndoa. Niliogopa diski ya nje haitatosha nikasema nifanye Couper (kukata na kuhamisha), si Copier, ili nipunguze. Umeme ukaenda katikati. Masini ya zamani batri yake ilikufa kitambo, ikazimika pale pale. Umeme kurudi, nusu ya ndoa iko ku diski, nusu iko ku masini, na ile video yenye ilikuwa njiani haifunguke upande wowote. Ilikuwa ya kuingia kwa bi harusi mu kanisa. Nilipita siku tatu kutafuta kwa bandugu benye walichukua na simu, nikapata moja imetikisika, nikaitia hiyo. Bibi harusi alinisamehe, lakini mimi kila nikipita mbele ya lile kanisa naifikiri.

Kwa hiyo bandugu, kwa kuhama ni kukopi tu, kisha unalinganisha ukubwa wa folda mbili na idadi ya mafaili, kisha njo unafikiria kufuta.

Ingine: flashi za kununua ku soko mingi zimepangwa kwa FAT32, faili ikipita Go 4 (GB 4) inakatala hata kama flashi iko ya 64. Iformate kwa exFAT mbele ya kuweka kitu ndani. Na benye munafanya mialiko, fonti! Nilifungua mwaliko wa kliyenti mu masini mupya, majina ya bibi na bwana yakageuka maandishi ya kawaida kama ya barua ya biro. Fonti hazihame na Photoshop, ziko mu Windows\Fonts, na zenye uliweka kwa kubonyeza tu zinaweza kuwa mu AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts, angalieni pande zote mbili.

Toka ile usiku ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo inawaka na mji wote uko barabarani, diski yangu ya pili inakaaka mu sakoshi karibu na mulango. Haihusu kuhama masini lakini nimeona niiseme.

Peti wa Kadutu (Bukavu)

Bayaya mimi ni memwari, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Faili ya Word nilikopi, nikasahau folda ya Zotero, ile programu ya kupanga marejeo, yenye haiko mu Dokima, iko pembeni mu C:\Users\ na jina lako. Marejeo yalibakia kuonekana mu maandishi lakini kuongeza mupya ama kurekebisha hapana. Bahati ya zamani ilikuwa bado kwa mudogo wangu anachezea, nikabeba ile folda nzima, zotero.sqlite na storage ndani, nikafunga Zotero kwanza, nikaweka pale pale, ikarudi yote.

Na kwa ya umeme, kaka yangu alinifundisha hii ya kuandika mu ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), D: ni diski ya nje:

robocopy C:\Users\jina D:\kuhama /E /XJ /R:1 /W:1

Umeme ukikatika unairudilia vile vile, byenye imeisha kukopi inaviruka. Usisahau /R:1 na /W:1, bila hizo ikikuta faili yenye inakatala inajaribu mara milioni moja, sekunde 30 kila mara.

Mama Sekreteri (Ibanda, Bukavu)

Mwanangu wa Kyeshero, nimesoma yako nikasikia kama ni mimi, nimekuwa sekreteri tangu wakati wa mashine za kupiga kwa vidole. Nami nilipoteza diksioneri yangu mara moja, majina ya Kishi yote, na sikuipata kamwe kwa sababu masini ile niliirudisha ofisini siku hiyo hiyo. Mara ya pili nilikuwa nimejifunza.

Fanya hivi. Kwenye masini ya zamani funga Word, bonyeza alama ya Windows pamoja na R, andika %appdata%, ingia Microsoft, kisha UProof. Ndani kuna faili inaitwa CUSTOM.DIC. Ifungue kwa Notepad uangalie, utaona majina yako yamepangwa moja kila mstari, hiyo ndiyo miaka yako saba. Vifupi viko jirani, rudi Microsoft halafu folda ya Office, tafuta MSO1036.acl, hiyo 1036 ni Kifaransa cha Ufaransa. Kopi zote mbili, kwenye masini mpya ziweke mahali pale pale Word ikiwa imefungwa. Kama pale pana CUSTOM.DIC nyingine yenye maneno mapya, usiifute, fungua zote mbili uunganishe mistari.

Mimi sasa kabla ya kuhama nakaa na daftari, siku mbili, kila ninachobonyeza nakiandika. Printa ipi, anwani ipi ya barua pepe, tovuti zipi zinaingia zenyewe bila kuniuliza. Hizo zinazoingia zenyewe ndizo hatari, maana maneno yao ya siri mimi sikuyajua tena, yalijulikana na masini.

Dada wa Kyeshero (Goma)

Mama, aksanti, aksanti sana. Nimerudi nyumbani sasa hivi nikaiwasha ya zamani. Faili iko Ko 31 (KB 31) tu. Nimeifungua kwa Notepad kama ulisema na nikaisoma yote, kuko majina ya bamama benye walisharudi ku byao, kuko ya mumoja mwenye alikufa mwaka jana.

Vifupi pia viliingia. Nimefungua ripoti ya mwezi wa tatu. Kanyaruchinya haina tena mustari.