Je, sheria ya kodi ya nyumba hubadilika ukivuka mpaka wa Nairobi?

Mpangaji wa Umoja
Hamjambo. Naishi Umoja katika nyumba ya chumba kimoja cha kulala ambayo kodi yake ni shilingi 14,000, na tarehe 20 mwezi huu msimamizi wa ploti alitugawia barua za kutuarifu kwamba kuanzia tarehe mosi tutalipa 18,000. Nimeanza kutazama nyumba za Rongai na Ruaka, kwa kuwa wenzangu kazini wanashikilia kwamba kaunti za huko, Kajiado na Kiambu, huwabana wenye nyumba kuliko Nairobi. Je, ni kweli?

Mzee wa Kayole
Ndugu yangu, si kweli. Udhibiti wa kodi hutokana na sheria za Bunge, wala si za kaunti, hivyo ukivuka Mto Mbagathi kuingia Rongai utakutana na matatu nyingine lakini sheria ni ileile. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo ni ya mwaka 1959, humlinda mpangaji wa nyumba ya kuishi ikiwa kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba ya aina hiyo hawezi kupandisha kodi apendavyo wala kumtoa mpangaji bila kupitia jopo la kodi. Siku hizi kiwango hicho kinawafaa zaidi wanaoishi katika vyumba vya mabati. Wewe unayelipa 14,000 uko nje ya ulinzi huo, na ungekuwa nje vilevile Thika, Kitengela au Mlolongo. Kilichobaki ni mkataba wako. Je, ulitia sahihi wowote?

Mama Saluni, Ruaka
Naomba kuongeza kwamba wapangaji wa biashara wana nafuu kubwa zaidi, jambo ambalo wengi wetu hatulijui mpaka mlango utiwe kufuli. Sheria yao, Sura ya 301, ya mwaka 1965, haiangalii kiasi cha kodi. Ikiwa duka, hoteli au saluni yako haina mkataba wa maandishi, au una mkataba usiozidi miaka 5, mwenye jengo lazima akupe notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalum, nawe ukiipinga, shauri huenda mbele ya jopo la kodi za majengo ya biashara. Mwenye jengo langu alinipandishia kodi kwa mdomo tu, mbele ya wateja. Nilipomtajia fomu hiyo, alirudi baada ya wiki moja akiwa mpole sana.

Mpangaji wa Umoja
Ahsanteni. Sikutia sahihi mkataba wowote. Nalipa kila mwezi kwa M-Pesa. Msimamizi anasema nyongeza imeletwa na ushuru wa serikali.

Mkazi wa Syokimau
Ushuru wa mapato ya kodi za nyumba za kuishi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, basi sababu hiyo haina mashiko. Kaunti hutofautiana kwa mambo mengine, kama vile ada za ardhi, na huku kwetu maji ya bauza, yaani ya kuletwa na lori, yanaweza kumeza unachookoa kwenye kodi.

Mzee wa Kayole
Kwa kuwa unalipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka anayevunja upangaji wa namna hiyo atoe notisi isiyopungua muda wa upangaji wenyewe, yaani mwezi mmoja, nayo iishie siku ya kulipa kodi. Kwa maoni yangu, mwenye nyumba asiyekuwa na mkataba wa kumruhusu kupandisha kodi hawezi kukwambia ukubali 18,000 au uhame kwa siku kumi. Hata hivyo, akitoa notisi kamili, hakuna kiwango cha juu kinachomzuia kudai kiasi hicho. Mwandikie barua, ubaki na nakala, ulipe 14,000 tarehe mosi kama kawaida, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa. Kuhusu amana yako, iulizie kwa maandishi kabla hujafunga mizigo.