Dawa ya meno yenye floraidi, isiyo na floraidi, au mswaki wa mti: wa miaka 2 nimpe ipi?

MamaJunior_Tabata
Wadau habari za jioni. Naombeni tulinganishe maana nyumbani kwangu limekuwa bunge. Junior ana miaka 2 na miezi 3, meno 16 tayari, mpaka sasa nilikuwa namfuta na kitambaa tu, na siku nikikumbuka nachovya mswaki kwenye maji namsugua kidogo basi. Juzi kacheka kwenye mwanga wa dirisha nikaona meno ya juu, pale jino linapokutana na fizi, kuna mstari mweupe kama chaki. Nimefuta hautoki.

Sasa mimi nimezaliwa Usa River kule Arusha, maji yake yana madini ya floraidi kibao, mnaojua mnajua, meno yangu ni kahawia, picha za harusi zote nimefunga mdomo. Floraidi siitaki hata kuisikia. Nimemnunulia ile ya watoto isiyo na floraidi, kitubu kidogo elfu 14. Baba Junior anasema nimeibiwa, mtoto atumie hii hii ya kwetu. Na mama mkwe, Mpemba huyo, katuma furushi la miswaki ya mti na salamu kwamba watoto wake 7 hakuna aliyeng'olewa jino. Ipi kati ya hizo tatu jamani?

Chuga_Original
Dada wa Usa pole, tuko wengi. Mimi wanangu nimewapiga marufuku floraidi kabisa, dawa ya meno isiyo nayo, na maji ya bomba nachemsha mpaka yatokote ndo wanakunywa. Hatutaki kurithisha.

Shangazi_Kongwa
Mkaa na chumvi, hamtajuta.

tabibu_meno
Shangazi shikamoo, lakini mkaa kwa mtoto hapana, unakwangua jino na floraidi ndani yake hamna.

Chuga ndugu yangu, kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki humo humo kwenye sufuria, kwa hiyo ukitokotesha sana unaizidisha. Bora usitokoteshe muda mrefu.

Mama Junior, meno yako hayakuharibiwa na dawa ya meno. Yaliharibiwa na maji, uliyanywa kila siku tangu uko na miezi kadhaa, yakapikiwa uji, chai, makande yenye magadi, wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya fizi hata hayajaonekana. Jino likishaota na ile rangi ndo limeota nayo. Junior anakunywa maji ya mto Ruvu hapo Dar, mzigo ule wa Usa River hana. Hofu yako naielewa ila umeihamishia mahali ambapo sipo ilipotokea.

Huo mstari wa chaki ni jino linaanza kuoza, na hapo ndo penyewe pa kuliwahi, maana likiwa bado halijatoboka floraidi inaweza kulirudisha likawa gumu tena, likishatoboka ni kuziba au kung'oa. Hiyo ya elfu 14 itasafisha, kumlinda haitamlinda. Ya kwenu inatosha, geuza tubu usome nyuma, ukiona floraidi kuanzia 1000 ppm (ndo kipimo chake) ni sawa, nyingi za wakubwa ziko kama 1450. Kinachombeba mtoto ni kiasi: chini ya miaka 3 ni kama punje ya mchele, unaipaka tu kwenye ncha ya mswaki. Miaka 3 mpaka 6 kama punje ya njegere. Yale matangazo ya kujaza mswaki wote mpaka inajikunja juu, sahau. Mara 2 kwa siku, ya usiku usiiruke, akitema inatosha usimsukutue na maji. Na umpeleke aonwe hayo meno, usiishie hapa.

BintiWete
Naomba mswaki wa mti usidharauliwe humu 😂 jina lenyewe ni la mti, hiyo ya plastiki imeazima tu. Mimi natumia mpaka leo. Ila niwe mkweli, kwa mtoto wa miaka 2 ni kazi bure, hawezi kuutafuna ncha ikafumuka nyuzi, na ukimfanyia wewe magego ya nyuma huyafikii, utamchoma fizi tu. Na hao watoto 7 wa mama mkwe nawaamini kabisa, lakini muulize kwa adabu walikuwa wanakula nini. Sisi tumekua na muhogo na samaki, peremende mpaka sikukuu. Mwanangu mimi anamaliza juisi ya boksi 2 kabla ya adhuhuri, sasa hapo mswaki wowote ufanye nini?

Kababa_Naks
Niko Nakuru, huku pia maji ni yale yale ya kuchafua meno, kwa hivyo nilikuwa na woga kama wako mamaa. Tukanunua tangi ya kukinga maji ya mvua, ya kunywa na ya uji ni hiyo tu. Lakini kwa woga huo huo tukakataa dawa yenye floraidi, na mtoi alikuwa analala na chupa ya chai ya maziwa, sukari imo, ndio anyamaze tulale. Akifika miaka 3 meno 4 ya juu ya mbele yameisha, kama yamekatwa na msumeno, ya chini mazima kabisa. Daktari akatuambia ya chini yalikingwa na ulimi akinyonya, ya juu ndiyo yalikuwa yanaoga chai usiku kucha. Zote 4 zikang'olewa. Nilimshika mikono mwenyewe akidungwa ganzi. Kaka yake mdogo sasa tunampa ya kawaida, punje ya mchele, na usiku ni maji tu.

MamaJunior_Tabata
Kababa umenimaliza. Maana Junior naye chupa ya maziwa ya saa 8 usiku ipo, na dada anatia sukari, nimemuuliza leo kasema vijiko 2.

Nimejaribu jioni hii. Nimekaa kitandani, nikamlaza kichwa mapajani kwangu anatazama juu, nikainua mdomo wa juu kwa kidole, kweli magego nayaona yote. Kaning'ata mara mbili. Kalia mpaka mlango wa pili wakagonga, lakini nimemaliza. Miswaki ya mti amechukua Baba Junior. Hiyo ya elfu 14 kaiweka juu ya friji ili kila mgeni aione.

Chuga_Original
Tabibu sasa kama kuchemsha hakusaidii sisi wa huku tufanyeje, mvua yenyewe ya msimu?

tabibu_meno
Mvua kinga hata ya kunywa na kupikia watoto peke yao, wakubwa meno yetu yalishaota. Na Ngurdoto, hapo hapo jirani na Usa, kuna kituo cha utafiti wa kutoa floraidi kwenye maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Anzia huko. Dawa ya meno yenye floraidi bado wape, punje ya mchele, na uwasimamie wateme.

Shangazi_Kongwa
Mkaa wa mifupa nao ni mkaa 😏